Wiki Moja ya Darasa la Kwanza: Maswali Ambayo Wazazi Hutuuliza Mara kwa Mara

Maelezo haya ni kwa wazazi na walezi wenye watoto wa Darasa la Kwanza katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania, na yameandikwa na mwalimu aliyekaa na darasa hilo kwa miaka mingi. Nimechukua wiki moja ya kawaida ya mwezi Machi, wakati watoto wameshazijua irabu zote tano na konsonanti chache, na sauti mpya ya wiki ni ile ya herufi t. Maswali yenyewe ni yale ninayoulizwa getini asubuhi na katika vikao vya wazazi.

Kwa nini mwanangu anakaa wiki nzima na herufi moja?

Swali hili ndilo linaloongoza, na mara nyingi huulizwa kwa masikitiko na mzazi aliyefungua daftari akakuta t, t, t kutoka Jumatatu hadi Alhamisi. Mtoto huyo hajasoma herufi moja. Konsonanti moja ikikutana na irabu tano huzaa silabi tano, yaani ta, te, ti, to na tu, na silabi hizo zikiunganishwa na zile alizokwisha kuzijua hufungua maneno mengi kwa mkupuo: taa, tatu, kata, kiti, bata, lete, moto. Katika darasa langu hiyo ndiyo wiki ambayo watoto wanaweza, kwa mara ya kwanza, kulisoma neno «kitabu» lililoandikwa kwenye jalada la kitabu walichokishika tangu Januari. Wiki iliyopita walikuwa na ki na bu, wakawa wanakwama katikati. Mtoto anapoweka kidole chini ya ki, akakisogeza hadi ta, akafika bu, kisha akainua macho kwa sababu amegundua kwamba ametaja jina la kitu kilicho mikononi mwake, hapo ndipo ninapojua kwamba siku zile tano hazikupotea.

Zamani niliwahi kukimbia. Nilimaliza silabi za konsonanti nne kwa wiki moja, darasa zima likawa linaziimba kwa sauti nzuri, nami nikaridhika. Kisha mtoto mmoja akanisomea ukurasa mzima bila kukosea hata neno moja, ilhali kitabu chake kilikuwa kimefunguliwa ukurasa mwingine kabisa. Alikuwa amekariri sauti za wenzake. Nilipoandika ubaoni silabi zile zile bila mpangilio, to kwanza, kisha ba, kisha ke, zaidi ya nusu ya darasa ilinyamaza. Tangu siku hiyo sikubali kuimba kuhesabiwe kuwa ni kusoma, na kila silabi huulizwa ikiwa imetolewa katika mstari wake.

Ratiba ya siku ikoje?

Kipindi ni dakika 30, na kwa mtoto wa miaka sita au saba hizo ni nyingi, kwa hiyo hata ndani ya kipindi kimoja tunabadilisha kazi mara mbili au tatu: kusikiliza, kusimama na kutenda, kisha kuandika. Asubuhi, baada ya usafi na kukusanyika mstarini, tunaanza na kusoma, kwa kuwa ndiyo kazi inayotaka akili ambayo haijachoka. Kuandika hufuata, kisha kuhesabu. Afya na mazingira, utamaduni, sanaa na michezo huja baadaye. Shule yenye uhaba wa vyumba inaweza kuwa na zamu ya asubuhi na ya mchana, na hapo saa hubadilika lakini mfuatano ni ule ule.

Jumatatu mnaanzia wapi?

Tunaanza na masikio. Kitabu hakifunguliwi wala chaki haishikwi mpaka watoto waisikie sauti mpya ndani ya maneno wanayoyajua. Ninasimulia hadithi fupi ya kutunga yenye maneno mengi yenye t, na kila wanapoisikia wanainua mkono. Kisha tunatafuta: nani ana jina lenye sauti hiyo? Tatu ananyanyuka, Fatuma naye, na hapo hutokea ubishi mzuri kwa sababu sauti ya Tatu iko mwanzoni na ya Fatuma imejificha katikati. Mtoto anayeweza kusema iliko sauti ndani ya neno ameshafanya nusu ya kazi ya kusoma kabla hajaiona herufi.

Mwisho wa kipindi herufi huandikwa hewani kwa kidole, kisha mchangani nje ya darasa, kisha ubaoni. Daftari huja mwisho kabisa.

Nyumbani nimemfundisha em, ti, ei, bi. Mbona mwalimu anayakataa majina hayo?

Siyakatai kwa dharau, na ninamshukuru mzazi aliyejitolea muda wake. Nayasubirisha kwa sababu yanamwelekeza mtoto kusiko. Mtoto aliyeambiwa kwamba herufi hizi ni «ti, ei, ti, yu» hana njia ya kufika kwenye neno tatu, hata akizitaja kwa kasi kiasi gani. Tatizo huwa kubwa zaidi kwenye irabu, kwa kuwa jina la Kiingereza la e husikika kama i yetu, na la i husikika kama ai; ndiyo maana wapo watoto wanaosoma «miza» mahali palipoandikwa meza, na mwalimu asiyejua chanzo chake hudhani mtoto ni mzito. Kiswahili kimetupa bahati kubwa ya irabu tano zisizobadilika sauti popote zinapokaa. Tuitumie bahati hiyo kwanza. Nyumbani tamka sauti yenyewe fupi, mmm au t, bila kuiwekea mkia wa irabu, na hiyo inatosha.

Mwanangu anapiga makofi kila anapotamka neno. Kwa nini?

Anahesabu silabi. Hii ni kazi ya Jumanne: kila silabi kofi moja, ka-ta makofi mawili, ki-ta-bu makofi matatu. Jaribu wewe mwenyewe neno mtu kabla hujaendelea kusoma. Watu wazima wengi hupiga kofi moja, lakini watoto wakisikiliza vizuri hupiga mawili, m-tu, nao ndio walio sahihi, kwa sababu m hiyo inasimama peke yake kama silabi. Hali ni hiyo hiyo kwa m-ti na m-to-to. Asiyelisikia jambo hili huandika «muti» au «tu», na makosa hayo mawili nayaona kila mwaka katika madaftari. Basi ukimkuta mtoto amekaa kizingitini anapiga makofi na kunong'ona majina ya ndugu zake, usimnyamazishe.

Vizibo vya soda na njiti za chelewa mnavyotuomba ni vya kazi gani?

Ni vya kuhesabia, na navipenda kuliko chati yoyote ya dukani, kwa kuwa namba haiingii kichwani mwa mtoto kabla haijapita mikononi mwake. Wiki hii tunavuka kumi. Kiswahili hapa kinasaidia sana, kwani «kumi na tatu» inajieleza yenyewe: kuna kumi, na kuna tatu. Lakini msaada huo una mtego wake. Mtoto anayesikiliza kwa makini huandika kumi, yaani 10, kisha huongeza tatu, akapata 103. Ukimwambia amekosa bila kumwonyesha, haelewi, maana ameandika kile kile alichokisikia.

Kwa hiyo tunarudi kwenye njiti. Kila mtoto anahesabu njiti kumi na kuzifunga kwa uzi ziwe fungu moja. Kisha anaweka fungu hilo upande wa kushoto wa dawati na njiti tatu zisizofungwa upande wa kulia. Chini ya fungu anaandika 1, kwa kuwa fungu ni moja, na chini ya njiti anaandika 3. Nimewaona watoto wakiliangalia fungu, wakaligusa, wakalifungua kuhakiki kama kweli zimo kumi, kisha wakalifunga tena na kufuta 103 yao bila mimi kusema neno. Kazi hiyo huchukua vipindi viwili au vitatu, na siioni kuwa ni mingi. Mtoto anayelifahamu fungu la kumi mwezi Machi hatasumbuka na makumi na mamoja baadaye, wala na kujumlisha kwa kubeba miaka inayofuata.

Tukifika ishirini, thelathini na arobaini mambo hugeuka, kwa kuwa majina hayo tuliyapata kutoka Kiarabu na hayaonyeshi mbili, tatu wala nne ndani yake. Hayo yanabidi yakaririwe, ila yakaririwe mafungu yakiwa mezani.

Jumatano amerudi amejaa vumbi, anasema walicheza mdako na kufungua duka. Je, hayo nayo ni masomo?

Ndiyo, na ninaomba mzazi alisome jibu hili hadi mwisho, kwa sababu siku hii ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Katika mdako kuna shimo dogo lenye mawe, mathalani kumi na mawili. Mchezaji hurusha jiwe moja juu, na kabla hajalidaka huvuta mawe kadhaa kutoka shimoni. Akirusha tena huyarudisha yote isipokuwa moja. Ukiyatazama macho ya mtoto wakati huo utamwona akihesabu haraka kuliko anavyohesabu dawatini: amevuta manne, lazima arudishe matatu, na akikosea wenzake watamkamata. Mimi huwauliza tu wanaotazama, «Amevuta mangapi? Amebakiza mangapi shimoni?» Tukirudi darasani wanayaandika yale waliyoyatenda: 12 − 4 = 8. Alama ya kutoa inawafikia ikiwa na kisa chake.

Duka nalo ni la maboksi matupu ya chumvi, chupa za maji na makopo, kila kimoja kikiwa na bei isiyozidi kumi, na pesa ni vizibo. Watoto wengi hutumwa dukani na shilingi 500 na kurudi na chenji kamili kabla hawajajua kuandika tarakimu zake, hivyo wanakuja na ujuzi ambao shule ingekosea kuupuuza. Muuzaji husoma bei, mnunuzi huhesabu, na mtoto wa tatu huhakiki. Wiki hii katika bidhaa kulikuwa na taa, kitana na kitabu, ili silabi za wiki zisomwe hata dukani.

Mwanangu anaandika 3 na 7 zikiwa zimegeuka. Je, ana tatizo?

Katika umri huu ni jambo la kawaida, na kuchanganya b na d pia ni kawaida. Mtoto amekua akijua kwamba kikombe ni kikombe hata mpini ukielekea kushoto, na sasa kwa mara ya kwanza anaambiwa kwamba mwelekeo unabadilisha kitu. Mwonyeshe pa kuanzia kalamu, mwache aandike kubwa mchangani, na usimwandikishe kurasa mbili za 3 kwa hasira. Ikiwa bado anageuza herufi nyingi anapomaliza Darasa la Pili, tutazungumza na kutafuta ushauri, na tutampima macho pia. Anayeandika kwa mkono wa kushoto aachwe atumie mkono huo huo. Kinachotakiwa ni daftari lilazwe kidogo upande na asikalishwe akigongana kiwiko na mwenzake.

Imla ya Alhamisi ni ya nini, na anayekosa hufanywaje?

Ninatamka maneno sita na sentensi moja fupi, watoto wanaandika. Imla hunionyesha nani anasikia nini. Anayeandika «kata» kwa kitu nilichotamka «kaka» ana shida tofauti na anayeandika «kt», ambaye anazisikia konsonanti lakini bado irabu zinampita, na kila mmoja anahitaji msaada wake. Kosa la imla si utovu wa nidhamu, na mtoto hapigwi kwa sababu ya kutojua kitu ambacho ndicho kilichomleta shuleni. Katika darasa lenye watoto zaidi ya sabini, kama langu, sina uwezo wa kukaa na kila mmoja kila siku, kwa hiyo Alhamisi jioni nayapanga madaftari katika mafungu matatu kulingana na aina ya makosa, na siku inayofuata ninakaa na fungu moja moja wakati wengine wakiwa na kazi ya vikundi.

Ijumaa kuna mtihani? Mwanangu amekuwa wa ngapi?

Ijumaa kuna upimaji, na hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Kila mtoto huja mezani kwangu kwa zamu, anasoma silabi tano na sentensi moja ambayo hajawahi kuiona, kwa mfano «Kaka alileta bata.» Ninaandika katika shajara ninachokiona: anaunganisha, anakisia kutokana na herufi ya kwanza, au anakwama. Wasiofikiwa wiki hii huanza wiki ijayo. Mwishoni mwa Darasa la Pili kuna upimaji wa kitaifa wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na wazazi wengi huanza kuuhofia mapema mno. Maandalizi yake ndiyo haya ya kila Ijumaa. Siku hiyo pia kuna vipindi vya dini na michezo, na tunamaliza kwa kupanga vizuri kona za darasa.

Kiingereza kinaanza lini?

Chini ya mtaala wa 2015, darasa hili lilielekeza muda wake mwingi kwenye KKK kwa Kiswahili. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, umelirudisha somo la Kiingereza tangu Darasa la Kwanza, huku Kiswahili kikiendelea kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Katika wiki hii Kiingereza ni cha mdomo zaidi: salamu, majina ya vitu, maagizo mafupi ya kusimama na kukaa. Naona ni sahihi kuanza hivyo, kwani mtoto anayejifunza kusoma mara moja tu, katika lugha moja aliyoielewa, huuhamishia ujuzi huo kwenye lugha ya pili kwa urahisi.

Nyumbani hatuzungumzi Kiswahili. Je, tumemchelewesha?

Hapana. Endeleeni kumsimulia hadithi kwa lugha yenu, kwa kuwa mtoto mwenye hadithi nyingi kichwani hukisia vizuri kinachofuata katika sentensi. Yapo mambo machache ya kuangaliwa: mtoto ambaye lugha ya nyumbani haitenganishi l na r ataandika «kura» akikusudia kula, na tukilijua hilo tunampa mazoezi ya kusikiliza badala ya kumcheka. Bibi na babu ni walimu wakubwa hapa, na mtoto anayepewa vitendawili jioni hunifikia asubuhi akiwa amezoea kufikiri kwa maneno.

Mimi mwenyewe sikusoma. Nitamsaidiaje?

Mwambie akusomee. Mtoto hahitaji mtu wa kumsahihisha kila neno, anahitaji mtu anayemsikiliza mpaka mwisho. Angalia kidole chake: kikitembea pamoja na sauti, anasoma, kikibaki mahali pamoja huku mdomo ukikimbia, anakariri, na unaweza kumwambia kwa upole arudie. Mpe pia kazi za kuhesabu zilizo mbele yenu, sahani za chakula cha jioni, mayai ya kuku, ndoo za maji. Mzazi mmoja asiyejua kusoma aliniuliza swali hili akiona haya, na mwanawe ndiye aliyekuwa wa kwanza kusoma sentensi nzima mwaka ule, kwa sababu kila usiku alikuwa na msikilizaji.

Kazi ya nyumbani iwe nyingi kiasi gani?

Dakika 15 zinatosha, mchana kabla giza halijaingia na kabla usingizi haujamzidi. Ikibidi uchague kati ya kunakili ukurasa na kukusomea mistari miwili, chagua mistari miwili.

Akikosa siku moja, amekosa nini?

Inategemea siku. Aliyekosa Jumatatu amekosa kuisikia sauti, na Jumanne atawaona wenzake wanaunganisha kitu asichokijua, hivyo mlete mapema nikae naye dakika chache kabla ya kipindi. Aliyekosa Alhamisi huandika imla yake Ijumaa. Kinachoumiza zaidi ni kukosa siku moja moja kila wiki, kwa kuwa kila sauti inakuja na shimo lake.

Je, vifaa hivi vinalipiwa?

Hapana. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, na vizibo, njiti na maboksi huokotwa. Mzazi hununua madaftari, penseli, kifutio na kichongeo. Asiyeweza aje aniambie, tutalizungumza bila mtoto kusikia.

Jumatatu ijayo aje na nini?

Aje na penseli iliyochongwa, njiti zake zikiwa bado zimefungwa kumi kumi, na kitu kimoja kutoka nyumbani chenye sauti ya s, ambayo ndiyo sauti ya wiki ijayo: soksi, kipande cha sabuni, kisahani. Akichague mwenyewe. Akikuletea kijiko, usimwambie amekosa; mtamkie kijiko polepole, kisha sabuni polepole, na umwache aamue kipi kiingie kwenye mfuko.